USHINDI WA ALIYESIMAMA
Mashindano Mawili ya Motokaa Katika Milima ya Ujerumani

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mashindano ya motokaa ni moja tu, nayo ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho. Mwenye injini kubwa kuliko wenzake, wasema, ndiye atakayeshinda, na dereva si kitu ila abiria mwenye moyo mgumu. Leo twataka kumwonyesha msomaji kwamba mambo sivyo yalivyo. Tutaeleza habari za mashindano mawili yaliyofanyika mahali pamoja, ya kwanza mwaka 1935 na ya pili mwaka 1957. Katika yote mawili mshindi hakuwa na motokaa yenye nguvu kupita zote, wala hakuwa kijana. Tena katika yote mawili alisimama njiani muda mrefu kuliko wapinzani wake, akaachwa nyuma, na watu waliokuwa wakitazama wakasema, "Huyu amekwisha."

Hawakujua walisemalo. Lakini ili tuelewe sababu, yafaa kwanza tuujue uwanja wenyewe.

UWANJA WA MILIMANI

Nürburgring ni jina la uwanja ulioko magharibi ya Ujerumani, katika milima ya Eifel. Ulifunguliwa mwaka 1927. Si uwanja wa duara kama ule wa kukimbizia farasi, bali ni barabara nyembamba ipandayo na kushuka katikati ya misitu, ikiizunguka ngome ya kale iitwayo Nürburg. Katika siku tunazozieleza, mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa kilometa 22.8, yaani maili 14 na zaidi, na kona zake zilizidi 150. Mahali pengine barabara huinuka ghafula hata motokaa ikaruka, magurudumu yote manne yakaacha ardhi. Mahali pengine kona imefichwa nyuma ya kilima, na dereva haioni mpaka amekwisha kuingia ndani yake. Kwa kuwa uwanja ni mkubwa hivyo, mvua yaweza kunyesha upande mmoja hali upande wa pili ni mkavu.

Mashindano yote mawili yalikuwa ya mizunguko 22, ambayo ni kilometa 500 na kidogo. Msomaji aijuaye njia ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa atafahamu: ni kama kwenda mwendo wote huo na kupita kidogo, kwa kasi kubwa, bila ya kupata maili moja ya kupumzisha mikono.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Siku zile hapakuwa na simu ya upepo ndani ya motokaa. Mafundi walikaa mahali pao kando ya barabara, wakaandika habari juu ya ubao, na dereva alizisoma akipita mbele yao. Akiisha kupita hakupata habari nyingine mpaka amalize mzunguko mzima, nao ulichukua dakika tisa, kumi, au zaidi. Basi habari aliyoishika kichwani huenda ilikuwa imekwisha kuwa ya kale. Jambo hili dogo, kama tutakavyoona, liliwagharimu watu ushindi.

HESABU YA PETROLI NA MATAIRI

Kwa nini motokaa ya mashindano isimame? Sababu ni mbili: petroli na matairi. Mwenye kutaka kwenda kilometa 500 bila ya kusimama hana budi kujaza tangi kubwa. Petroli ni mzigo mzito. Motokaa iliyojaa huwa nzito katika kona, breki zake huchoka upesi, na hapana budi itumie matairi magumu yatakayodumu. Mwenye kukubali kusimama mara moja aweza kuanza na petroli nusu na matairi laini yanayoshika barabara vizuri. Motokaa yake huwa nyepesi na yenye mbio, lakini atalipa deni lake atakaposimama.

Tuifanye hesabu. Tuseme motokaa nyepesi yapata faida ya sekunde 3 katika kila mzunguko. Baada ya mizunguko 12 imepata sekunde 36. Mafundi wakimaliza kutia petroli na kubadili matairi kwa sekunde 30, bado dereva ana sekunde 6 za faida, na matairi mapya juu yake. Lakini mafundi wakikawia dakika nzima, faida yote imekwenda, na sasa yeye ndiye mdeni. Basi ushindi waweza kupotea si kwa kosa la dereva, bali kwa nati moja iliyoanguka chini.

MASHINDANO YA MWAKA 1935

Tarehe 28 Julai, 1935, yalifanyika mashindano makuu ya Ujerumani. Serikali ya Wanazi, iliyoshika madaraka mwaka 1933, ilitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba mitambo ya Kijerumani haina mfano, nayo ilitoa fedha kuzisaidia kampuni mbili, Mercedes-Benz na Auto Union. Kampuni hizo mbili zilishindana vikali. Ya kwanza iliweka injini mbele ya dereva kwa desturi ya kale, na ya pili iliiweka nyuma yake, jambo ambalo lilikuwa geni katika siku zile. Siku hiyo zilileta motokaa tisa za rangi ya fedha, na madereva kama Rudolf Caracciola, Manfred von Brauchitsch, Hans Stuck na Bernd Rosemeyer.

Kati ya waliokuja kupambana nao alikuwa Mwitalia mmoja, mtu mfupi, mwembamba, aliyeitwa Tazio Nuvolari. Umri wake ulikuwa miaka 42. Motokaa yake ilikuwa Alfa Romeo nyekundu ya aina ya P3, iliyotunzwa na kikosi cha Bwana Enzo Ferrari wa mji wa Modena. Wakati huo Bwana Ferrari alikuwa bado hajaanza kuuza motokaa zenye jina lake. Alikuwa msimamizi wa motokaa za Alfa Romeo. Aina ile ya P3 ilitokea kwanza mwaka 1932, na ilipofika mwaka 1935 ilikuwa imeachwa nyuma sana kwa nguvu za injini. Katika barabara iliyonyooka motokaa za Kijerumani ziliweza kuipita kama mtu apitavyo mkokoteni.

Lakini Nürburgring si barabara iliyonyooka. Barabara ilikuwa imelowa, na katika kona zenye utelezi nguvu nyingi za injini huweza kuwa adui wa mwenyewe. Mwanzoni Nuvolari alirudi nyuma, kisha akaanza kuwafuata mmoja mmoja. Wenziwe wawili wa kikosi waliharibikiwa mapema, akabaki peke yake. Ilipofika mzunguko wa kumi, watazamaji wa Kijerumani waliona jambo wasilolitazamia: motokaa nyekundu ilikuwa mbele ya zote.

Ndipo ulipofika wakati wa kusimama. Wakuu wa mashindano waliingia kwa mafundi wao karibu pamoja. Mafundi wa Mercedes walimhudumia von Brauchitsch kwa muda usiofika dakika moja, akaondoka. Kwa upande wa Nuvolari, pampu ya kutilia petroli ilivunjika. Mafundi walilazimika kuimimina petroli kwa madebe, kwa mkono. Dakika ya kwanza ikapita. Dakika ya pili ikapita. Nuvolari aliposhika njia tena alikuwa wa sita, na kazi yote ya mizunguko kumi ilikuwa imepotea.

Mtu mwingine angaliweza kukata tamaa, wala asingalilaumiwa. Nuvolari aliendesha kwa ukali kuliko kwanza. Aliwapita watu mmoja baada ya mwingine, na kabla ya mizunguko mingi kupita akawa wa pili. Mbele yake alibaki von Brauchitsch peke yake.

Sasa tazama shida iliyowapata Mercedes. Von Brauchitsch alikuwa dereva hodari, lakini alijulikana kuwa mkali kwa matairi. Kila alipoongeza mwendo ili kumkimbia yule Mwitalia, ndivyo matairi yake yalivyozidi kulika. Angesimama kuyabadili, Nuvolari angempita. Asiposimama, je, yangefika? Katika kikosi chake waliamua aendelee. Mzunguko wa mwisho ulipoanza alikuwa mbele kwa kadiri ya nusu dakika, na watu walikuwa tayari kumshangilia.

Hakufika kwanza. Tairi la nyuma lilipasuka njiani, na Nuvolari akampita. Vipaza sauti vilipotangaza habari hiyo umati mkubwa ulinyamaza, na motokaa iliyotokea kwanza mbele ya jukwaa ilikuwa ile nyekundu, nzee, yenye injini dhaifu. Alikuwa ametumia muda wa saa 4 na dakika 8. Stuck alikuwa wa pili, Caracciola wa tatu. Von Brauchitsch alijikokota na gurudumu lake bovu akawa wa tano, akashuka akilia.

MAHASIMU WA MJI MMOJA

Miaka 22 ikapita, na ndani yake vita kuu. Bwana Ferrari sasa alikuwa akitengeneza motokaa zake mwenyewe katika kijiji cha Maranello, karibu na Modena. Na katika Modena penyewe palikuwa na kampuni ya Maserati, mshindani wake. Mafundi wa kampuni hizi mbili walikuwa majirani, na ushindani wa majirani, kama tujuavyo, huwa mkali kuliko wa wageni.

Dereva mkuu wa zama hizo alikuwa Juan Manuel Fangio, aliyezaliwa mwaka 1911 katika mji wa Balcarce, nchi ya Argentina. Hakuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Italia, naye mwenyewe alianza kazi katika karakana ya motokaa tangu utotoni. Ndiyo sababu alijua kuisikiliza injini kama mganga amsikilizavyo mgonjwa. Hata alipoanza kushindana Ulaya alikuwa mtu mzima, lakini alipata ubingwa wa dunia mwaka 1951, kisha 1954, 1955 na 1956.

Ubingwa wa mwaka 1956 aliupata akiwa dereva wa Ferrari, na alisaidiwa na tendo moja lisilosahaulika. Katika mashindano ya mwisho ya mwaka huo, huko Monza, motokaa yake iliharibika usukani. Sheria za siku zile zilimruhusu dereva kumpa mwenziwe motokaa yake. Kijana Mwingereza, Peter Collins, ambaye yeye mwenyewe alikuwa bado na tumaini la kuwa bingwa, alisimama, akashuka, akampa Fangio motokaa yake. Alifikiri kwamba yeye bado ni kijana, na siku zake zitakuja.

Mwaka uliofuata Fangio aliondoka Ferrari akaenda Maserati. Collins alibaki Ferrari, na pamoja naye alikuwa rafiki yake mpenzi, Mwingereza mwingine aitwaye Mike Hawthorn. Hivyo ilipofika tarehe 4 Agosti, 1957, huko Nürburgring, waliokuwa mbele ya Fangio walikuwa watu aliowajua vizuri, na mmojawapo ndiye aliyemfadhili.

MASHINDANO YA MWAKA 1957

Vikosi viwili vilichagua njia mbili za hesabu tuliyoieleza. Ferrari walijaza petroli ya kutosha safari nzima, wakatia matairi magumu. Maserati walimpa Fangio petroli kadiri ya nusu na matairi laini. Alipaswa kusimama mara moja. Fangio alikuwa na miaka 46, naye katika majaribio aliwashinda wote kwa mzunguko wa dakika 9 na sekunde 25.6.

Hawthorn na Collins walitangulia mwanzoni. Katika mzunguko wa tatu Fangio aliwapita, akaanza kujiwekea akiba ya sekunde. Baada ya mizunguko 12 alikuwa amewaacha kwa kadiri ya nusu dakika, akaingia kwa mafundi. Hapo bahati ilimgeukia. Nati ya gurudumu moja ilianguka ikabingirika chini ya motokaa, na mafundi wakahangaika kuitafuta. Wakati huo Hawthorn na Collins walipita mbio, wakapotea msituni. Fangio alipoondoka zilikuwa zimepita zaidi ya sekunde 50, naye alikuwa wa tatu, nyuma yao kwa zaidi ya sekunde 45. Ilibaki mizunguko 10.

Katika mizunguko ya kwanza baada ya kusimama hakuonyesha dalili ya kuwakaribia, maana matairi mapya hayana budi kuzoeshwa barabara kwanza. Wale wa Ferrari walipoyaona hayo walitulia. Waliona kwamba mambo yamekwisha, na iliyobaki ni kuwaangalia marafiki wawili wakigawana nafasi ya kwanza na ya pili.

Ndipo Fangio alipoanza. Baadaye alieleza kwamba katika kona nyingi alitumia gia ya juu kuliko ile aliyozoea kuitumia, akaingia kwa kasi ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameijaribu. Rekodi ya uwanja aliivunja, kisha akaivunja tena ile aliyoiweka yeye mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Hapa ndipo ukubwa wa uwanja ulipowadhuru Ferrari. Ubao wa mafundi ulipowaonya kwamba Fangio anakuja, onyo lilikuwa la dakika tisa zilizopita. Mpaka walisome tena alikuwa amekwisha kula sekunde nyingine nyingi. Katika mzunguko wa 20 alikwenda kwa dakika 9 na sekunde 17.4. Rekodi aliyoiweka katika mashindano ya mwaka 1956 ilikuwa dakika 9 na sekunde 41.6. Basi aliipunguza kwa sekunde 24 na zaidi, na hata mwendo wake wa majaribio aliupita kwa sekunde 8.

Katika mzunguko wa 21 aliwafikia. Alimpita Collins, yule kijana wa Monza. Kisha, kabla mzunguko haujaisha, akampita na Hawthorn. Hawthorn hakumwachia njia bure. Alimfuata mpaka mwisho, lakini Fangio alimaliza mbele yake kwa sekunde 3.6, baada ya muda wa saa 3 na nusu. Collins alikuwa wa tatu. Wale vijana wawili, walioshindwa wakati ushindi ulikuwa mikononi mwao, walimkumbatia mshindi kwa furaha kana kwamba wao ndio walioshinda. Siku hiyo Fangio alikuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tano, na mpaka leo hakuna aliyekuwa bingwa katika umri mkubwa kama ule. Idadi ya mabingwa matano haikufikiwa na mtu mwingine mpaka mwaka 2002, alipoifikia Michael Schumacher wa Ujerumani.

GHARAMA YAKE

Hatutakuwa tumesema kweli yote ikiwa tutaishia katika shangwe. Fangio mwenyewe alikiri kwamba siku ile alijihatarisha kuliko siku zote, na kwamba hakutaka tena kuendesha namna ile. Ushindi wa Nürburgring ulikuwa wa mwisho kwake katika mashindano ya ubingwa. Mwaka 1958 aliacha mashindano, akarudi kwao, akaishi mpaka mwaka 1995.

Wapinzani wake hawakuzipata siku hizo. Collins alikufa Agosti 1958 katika uwanja uo huo wa Nürburgring, motokaa yake ilipotoka barabarani. Umri wake ulikuwa miaka 26. Siku zake alizofikiri zitakuja hazikuja. Hawthorn alipata ubingwa mwaka huo huo, akaacha mashindano kwa huzuni, na Januari 1959 akafa katika ajali, si uwanjani, bali katika barabara ya kawaida ya Uingereza. Na kabla ya hayo, mwezi wa Juni 1955 huko Le Mans, Ufaransa, motokaa iliyorushwa kati ya watazamaji iliua watu zaidi ya 80. Nürburgring ya kale nayo iliachwa katika mashindano ya ubingwa baada ya mwaka 1976, Niki Lauda wa Austria aliponusurika kufa kwa moto.

MAFUNDISHO

Tujifunze nini? Kwanza, kwamba aliyesimama si aliyeshindwa. Nuvolari na Fangio walipoteza muda kwa makosa yasiyo yao. Hawakuupoteza muda mwingine kwa kugombana na mafundi. Walipanda wakaenda.

Pili, kwamba aliye mbele ana hatari yake. Von Brauchitsch alikuwa mbele akala matairi yake. Ferrari walikuwa mbele wakala usingizi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na tairi lililokwisha halijali jina la mwenye motokaa.

Tatu, kwamba kazi ya motokaa ni ya watu wengi. Jina la dereva huandikwa katika magazeti, lakini pampu ilivunjika na nati ikaanguka mikononi mwa watu ambao majina yao hayatajwi. Kijana afanyaye kazi katika karakana, akikaza nati za lori litakalokwenda safari usiku, ameshika maisha ya watu, ajue asijue.

Na la mwisho ni hili. Watu hawa walishindana mahali palipofungwa, na bado wengi walikufa. Barabara yetu ina watoto waendao shule, wazee, baiskeli na ng'ombe. Amtakaye Fangio na amwige katika kuijua motokaa yake na katika kutokata tamaa. Mbio zake aziache kule kule milimani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini motokaa iliyojaa petroli huenda pole katika kona?
2. Ikiwa motokaa nyepesi yapata faida ya sekunde 4 kila mzunguko, itapata sekunde ngapi kwa mizunguko 11? Mafundi wakikawia sekunde 50, je, kuna faida au hasara?
3. Urefu wa uwanja ulimsaidiaje Fangio mwaka 1957?
4. Kama ungekuwa msimamizi wa von Brauchitsch katika mzunguko wa 21, ungemwita asimame au ungemwacha aendelee? Toa sababu zako.